Kiongozi wa wanafunzi kitaifa: abaki darasani au apewe mwaka wa kazi?

Ukitaka kujua kazi ya kiongozi wa TAHLISO, jumuiya inayounganisha serikali za wanafunzi wa vyuo vya elimu ya juu Tanzania, achana na zile picha za kupeana mikono na waziri. Tazama simu yake wakati Bodi ya Mikopo inatoa majina kwa awamu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza hajajiona awamu ya kwanza wala ya pili. Mwingine jina lipo, boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia. Wa tatu ni yatima, ila cheti cha kifo cha baba yake hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kila ujumbe unaanza na "Mheshimiwa", na mwingi unaishia na "sina hata ya kula leo".

Kwa utaratibu, mambo haya yalipaswa kuishia kwa afisa mikopo wa chuo, au yakizidi sana kwa Waziri wa Mikopo wa serikali ya wanafunzi. Lakini namba ya kiongozi wa taifa imeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwenye njaa hafuati ngazi. Sasa mtu huyo huyo ana testi saa nane mchana, na asipoangalia, sapu, yaani mtihani wa marudio, inamsubiri. Ndiyo maana swali hili halifi: je, kazi hii ifanywe na mwanafunzi aliye darasani, au aachiwe mwaka mzima aifanye kwa posho?

Wanaotaka abaki darasani wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Boom likichelewa, lake nalo limechelewa. Mwaka 2023 fedha ya kujikimu ilipopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, anayekula kwa mama ntilie nje ya geti hakuhitaji kuandikiwa ripoti kuhusu hiyo 1,500: kwa siku 60 ni shilingi 90,000, yaani anajua kabisa inaziba pengo gani na gani halizibi. Mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima bila daftari anaanza kusikia habari hizi kwa kusimuliwa. Tena kuna hofu ya wanasiasa wa kudumu, wale wanaosajili kozi ili wagombee. Kenya waliliona hilo vya kutosha, na marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2016 yakaweka ukomo wa vipindi viwili vya mwaka mmoja mmoja.

Hata hivyo, angalia meza ya mazungumzo ilivyo. Upande mmoja wamekaa wanasheria na wahasibu wa Bodi wenye mafaili ya miaka kumi. Upande wa pili yuko kijana aliyeomba ruhusa kwa mhadhiri, aliyekabidhiwa ofisi miezi michache iliyopita, na ambaye atamaliza chuo kabla hajaelewa vizuri jinsi uhitaji wa mwombaji unavyokokotolewa. Uingereza walichagua njia nyingine. Viongozi wa NUS, umoja wa kitaifa ulioanzishwa mwaka 1922, hufanya kazi hiyo muda wote kwa mshahara, na kwenye vyama vya vyuo vyenyewe sheria ya elimu ya mwaka 1994 inazuia mtu kushika nafasi ya kulipwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa jumla. Kwa hiyo hofu ya mwanasiasa wa kudumu ina dawa, na dawa yenyewe si lazima iwe kumbana mtu na testi.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa marejesho ya mikopo. Mwaka 2016 makato ya mkopaji aliyeajiriwa yalipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara, na juu yake ilikuwepo tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni la wengi livimbe kila mwaka hata wakiwa wanakatwa. Tozo hiyo ilikuja kufutwa mwaka 2021, na Rais Samia aliitangaza kwenye sherehe za Mei Mosi, mbele ya wafanyakazi. Sisemi wanafunzi walinyamaza. Nasema kiongozi wa mwaka mmoja, ambaye kila siku anazima moto wa boom, hana nafasi ya kupigania jambo litakalowauma wenzake baada ya kuvua joho. Anageuka karani wa ziada wa Bodi asiyelipwa. Ni karani mzuri, anayeokoa watu kweli, lakini ni karani.

Kuna jingine linalosahaulika. Aliye darasani yuko mkononi mwa nidhamu ya chuo. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliipa Bodi ya Mikopo saa 72 kumaliza kero za mikopo, na matokeo yake wakasimamishwa masomo. Aliyeahirisha masomo kwa mwaka mmoja angekuwa huru kidogo zaidi, ingawa naye ataambiwa kwa haraka: wewe si mwanafunzi, unamsemea nani?

Mimi naegemea upande wa mwaka wa kazi, mmoja tu, kwa posho isiyozidi boom pamoja na nauli. Kwa sasa ukiahirisha masomo boom nalo linasimama, kwa hiyo anayeweza kujitoa ni mwenye kwao kunakojiweza, au mwenye mfadhili ambaye hatumjui. Hilo la pili ndilo linalonitisha. Akilipwa na serikali, tumerudi zama za MUWATA. Baada ya maandamano ya Machi 1978, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopinga marupurupu ya mawaziri na wabunge na mamia wakafukuzwa, jumuiya yao, DUSO, iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, chini ya mbawa za chama tawala.

Basi alipwe na michango ya wanafunzi wenyewe? Kwa mdomo ni rahisi. Kwenye vyuo vingi mchango wa serikali ya wanafunzi hulipwa pamoja na ada, kwa kontro namba ya chuo, kisha viongozi wanaandika barua kuomba fedha yao wenyewe na kusubiri saini ya mshauri wa wanafunzi. Hiyo saini ingekuwa ndiyo mwajiri halisi wa kiongozi wa taifa. Ningeanzia hapo kabla ya kugusa posho: fedha itoke kwa bajeti iliyopitishwa na bunge la wanafunzi, na hesabu zibandikwe kafeteria kila muhula. Vyuo vitajibu kwamba vijana watazila, na siwezi kusema wanazua, maana tumeona serikali za wanafunzi zikimaliza muda wake bila kusoma mapato na matumizi hata mara moja.