Mwalimu Hajakataa Kusoma

Tangu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) izindue mpango wake wa mafunzo kazini, ule wa TPD, mnamo Septemba 2021, mwalimu wa Kenya amebandikwa sifa ambayo sidhani anaistahili: kwamba hataki kusoma. Utaisikia kwa wazazi, utaisikia redioni, na mara nyingine utaisikia kwa walimu wakuu wenyewe, hasa wale wanaokaribia kustaafu ambao mpango huo hautawagusa. Undani wake unajulikana. Ni moduli sita, kila moja ya miaka mitano, zinazojaza miaka 30 ya kazi. Taasisi nne ndizo zilizopewa jukumu la kufundisha: vyuo vikuu vya Kenyatta, Mount Kenya na Riara, pamoja na KEMI, taasisi ya serikali ya mafunzo ya usimamizi wa elimu. Cheti cha kufundisha kinahuishwa kila baada ya miaka mitano. Ada iliwekwa shilingi 6,000 kwa mwaka, itoke mfukoni mwa mwalimu. Vyama vya walimu vilitaka mwajiri ndiye alipe, na hadi leo TPD ikitajwa katika majilisi ya shule yoyote kati ya Gilgil na Busia, chai hupoa mezani.

TSC ina hoja, tena nzito. Kifungu cha 35 cha Sheria ya TSC ya 2012 kinaiagiza tume imtake kila mwalimu aliyesajiliwa apitie mafunzo ya kujiendeleza, kwa hiyo tume haikujitungia jambo. Halafu mtaala umembadilikia mwalimu akiwa kazini, ukaja ule wa umilisi, CBC. Aliyehitimu 2005 alifunzwa kuandaa watoto kwa mtihani wa mfumo wa zamani, 8-4-4. Leo anatakiwa kutathmini umilisi, na gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 walimu wengi walijikuta na masomo ambayo hayakuwako walipokuwa chuoni. Daktari hukusanya alama za mafunzo kila mwaka ili leseni yake ihuishwe. Wakili vivyo hivyo. Kwa nini mwalimu, ambaye anashika watoto wa watu wote hao, awe wa kipekee?

Swali hilo ni la haki, ila mfano wa wakili unayumba ukiushika kwa mkono. Wakili wa Nakuru akiongeza ujuzi, ada ya mteja inaweza kupanda naye. Mwalimu ana mwajiri mmoja, na mwajiri huyo ndiye anayemsajili, ndiye anayempandisha cheo, ndiye anayeweza kumsimamishia cheti, na sasa ndiye anayemwelekeza kwenye taasisi nne akalipie masomo. Mtu akiuliza maswali mbele ya mpangilio kama huo, kumwita mvivu ni kumwonea.

Turudi kwenye zile 6,000. Watetezi wa mpango hupenda kuzigawanya: ni mia tano tu kwa mwezi, wanasema, pesa ya nyama kilo moja isiyotimia. Ni kweli. Lakini hesabu ina pande nyingi. Kwa miaka 30 ni shilingi 180,000. Na kuna upande mwingine ambao mimi huurudia kila mara. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma umekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Chukua watoto wanne, jumlisha mgao wao wa mwaka mzima, unapata 5,680. Maana yake ni kwamba mwalimu mmoja anaombwa atoe, kwa ajili ya mafunzo yake ya mwaka, pesa zinazozidi zile ambazo taifa linawatengea watoto wanne kwa chaki, vitabu, ukarabati, umeme na mengineyo. Chenji inabaki 320. Sisemi kwamba mafunzo ni ghali kuliko thamani yake. Ninasema kwamba nchi inayompa mtoto 1,420 haiwezi kushangaa mwalimu wa mtoto huyo akiuliza kwanza 6,000 zake zitarudi darasani kwa njia gani.

Maana mwalimu huyo tayari anatoa. Nilikaa nyuma ya darasa la gredi ya 7 katika shule moja ya Muhoroni, somo likiwa Sayansi Jumuishi, mada ikiwa asidi na besi. Mwalimu alisomea Kiswahili na Dini. Somo la sayansi lilimwangukia kwa sababu shule ilipungukiwa na walimu wa sayansi na ratiba haisubiri. Maabara haipo. Alikuwa ametwanga petali nyekundu za maua ya ua wa shule, akazilowesha katika spiriti aliyoinunua dukani, akachuja kwa kitambaa. Chupa za maji zilizokatwa nusu zilipangwa mezani. Akatia ndimu, kimiminika kikawa chekundu cha kuwaka. Akatia maji ya majivu, kikageuka kijani, na watoto wa nyuma wakapanda juu ya madawati waone. Karatasi za manila ukutani ni pesa yake. Bando la kupakulia mwongozo wa mtaala kutoka KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ni lake pia, na ndilo analotumia kujaza fomu za tathmini ya utendakazi, TPAD.

Nilimwuliza mbinu ya maua aliipata wapi. Kwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari jirani, akasema, na huyo naye aliipata SMASE.

Wasomaji wa Magharibi mwa Kenya wanaikumbuka SMASE, mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Ilianza 1998 kwa ushirikiano na shirika la Japani, JICA, na miongoni mwa wilaya za majaribio zilikuwa Kakamega, Lugari na Butere-Mumias. Walimu wa hisabati na sayansi waliitwa likizoni, wakafunzwa na walimu wenzao, wakafanyishwa majaribio kwa vitu vinavyopatikana kijijini. Gharama za wilayani zilitoka kwenye michango ya shule, si kwenye mshahara wa mwalimu. Sitaipamba. Manung'uniko kuhusu marupurupu yalikuwa mengi, na kuna waliokuja kutia sahihi, wakala chakula cha mchana, wakapotea. Hiyo ndiyo aibu ya upande wa walimu, ambao ndio ninaouelewa zaidi. Kuna walimu ambao semina isiyo na bahasha hawaioni, na kuna wanaomwachia kiranja aandike muhtasari ubaoni huku wao wako kwenye simu. Tume inapowataja hao haidanganyi.

Hata hivyo mbinu ya maua imesafiri miaka yote hiyo, kutoka kwa mwalimu hadi mwalimu, hadi kwa mtu wa Kiswahili na Dini huko Muhoroni. Jambo hilo ndilo linalonifanya niiulize TPD swali ambalo halihusu pesa kabisa: mafunzo yake yanamfikia mwalimu akiwa wapi?

Katika swali hili sisi wa upande huu wa nchi tuna bahati ya ajabu, kwa sababu shule zetu zimechunguzwa kuliko nyingi duniani. Miaka ya 1990 shirika moja lisilo la serikali liligawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakalinganisha shule zilizopata na zilizokuwa bado zinasubiri. Kremer huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa washindi wa Nobeli ya uchumi 2019. Walikuta wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa mbele. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto wengi wa huko ni ya tatu, na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma. Wenzangu wanaosema "tupeni vitabu, hayo mengine tuachieni" wauangalie utafiti huo vizuri, kwa sababu hauwaungi mkono.

Baadaye, kati ya 2011 na 2014, ikaja PRIMR, programu ya kusoma na hesabu kwa madarasa ya chini, iliyofika Nakuru, Kisumu na Bungoma miongoni mwa maeneo mengine. Humo walijaribu mchanganyiko wa aina tatu. Wa kwanza ulikuwa mafunzo na kumsaidia mwalimu darasani. Wa pili uliongeza kitabu kwa kila mtoto. Wa tatu uliongeza mwongozo wa mwalimu wenye maandalio ya masomo yaliyopangwa siku kwa siku. Wa tatu ndio uliowasaidia watoto zaidi, na ukizingatia pesa dhidi ya matokeo, ndio uliolipa zaidi, ingawa ulikuwa na gharama kubwa. Kuna jaribio dogo la Kisumu la 2013 ambalo ningependa liandikwe mlangoni mwa kila anayetuuzia mafunzo ya mtandaoni. Katika kundi moja la shule watoto walipewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki, katika jingine walimu walipewa tableti, katika jingine tableti zikaenda kwa mshauri wa walimu wa kanda, yule tuliyemwita TAC tutor na leo anaitwa CSO. Hakuna kundi lililowaacha wenzake kwa mbali. Lililokuwa nafuu zaidi ni lile la mshauri, kwa sababu mtu mmoja mwenye tableti moja alizitembelea shule nyingi.

Programu ya kusoma ya Tusome ilipoenezwa nchi nzima kuanzia 2015, kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, njia hiyo ya mshauri ndiyo iliyoshika. Anayeikumbuka atakumbuka pia ziara zenyewe. CSO anafika kwa pikipiki, anakaa nyuma, anafuatilia somo kwenye tableti hatua kwa hatua. Somo likiisha anachagua watoto watatu wasome, anahesabu maneno kwa dakika. Kipimo cha darasa la pili kilikuwa maneno 65 ya Kiingereza na 45 ya Kiswahili. (Anayedhani 45 ni dharau kwa Kiswahili ajaribu kusoma "hawakutuandikia" kwa pumzi moja.) Kisha wanakaa chini ya mti na mwalimu: hapa ulikwenda haraka, hapa wale wa pembeni hawakusoma hata mara moja. Tableti inarekodi mahali alipo, na nauli yake hurejeshwa kwa ziara zilizoonekana. Walimu walilalamika? Wachache, na zaidi kuhusu mwongozo uliowafunga mikono. Sikusikia kilio cha kutotaka kusoma. Nilisikia walimu wa miaka ishirini kazini wakibishana kuhusu sauti za herufi.

TSC inaweza kujibu, na jibu lake ni kali: hayo kwa sehemu kubwa yalilipwa na wageni. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa 2025, JICA haiwezi kutulelea watoto milele, na mtu lazima alipe. Kwa nini asiwe anayenufaika? Sina jibu jepesi hapa. Hazina imebanwa, na kila anayesema "serikali ilipe" anapaswa kutaja nini kipunguzwe. Naelewa pia kwamba mwalimu akitoa kidogo chake, huenda akaheshimu mafunzo kuliko ya bure.

Lakini angalia ni kipi kilichofanya kazi katika majaribio hayo na ni kipi TPD ilichokichukua. Ilichukua mafunzo. Kitabu kimeachiwa mpango mwingine, na aliyekaa nyuma ya darasa ameachwa nje. Katika ushahidi wetu wenyewe, wa Busia hadi Nakuru, kipande kimoja kikiwa peke yake kilileta kidogo au hakikuleta kitu, na sasa mwalimu anatozwa kwa kipande kimoja tu: mafunzo. Ndiyo maana nasema malalamiko ya walimu yameeleweka vibaya. Tunayasikia kama malalamiko ya mfuko, ilhali ndani yake kuna hukumu ya kitaaluma ya watu waliopitia SMASE, waliopitia Tusome, waliopitia semina za CBC za siku chache likizoni, na wanaojua ipi ilibadilisha somo la Jumatatu.

Kama lazima ada ibaki, basi itumike karibu. Chukua kanda yenye walimu 100. Kwa kiwango cha TPD wangetoa 600,000 kila mwaka. Pikipiki mpya ya kawaida haifiki nusu ya hizo. Zilizobaki ni mafuta, uchapishaji wa miongozo, na siku chache za walimu wa sayansi wa kanda hiyo kukutana na kuonyeshana wanavyofundisha bila maabara. Taasisi zile nne zinaweza kuandaa na kukagua. Zina wataalamu na sioni sababu ya kuzitupa. Ila mkufunzi mkuu awe CSO, na alama za kuhuisha cheti zitokane na ziara za darasani pamoja na kazi ya mwalimu mwenyewe, kuliko kutokana na kuhudhuria tu.

TSC ikileta mpango wa namna hiyo nitakuwa wa kwanza kuwaambia walimu wa Nyando na Njoro waache kelele walipe. Kabla ya hapo, itangulie kuwaeleza CSO wa kanda yao amepewa lita ngapi za mafuta muhula huu.