Mapafu ya mvutaji hayasafishwi kwa kufunga kula

Siku hizi hapa Dodoma ujumbe mmoja wa afya unazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: kama umeshindwa kuacha sigara, funga kula saa 16 kwa siku, mwili utajisafisha na sumu itatoka yenyewe. Wanaoutuma hupachika neno zito, autofajia, na Mjapani aliyepata Tuzo ya Nobel. Naupinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu unampa mvutaji ruhusa ya kuendelea kuvuta.

Mjapani huyo ni wa kweli. Yoshinori Ohsumi alipata tuzo mwaka 2016 baada ya kuchunguza hamira na kubaini jeni zinazoiwezesha seli kukusanya sehemu zake zilizochakaa, kuzimeng'enya na kuzitumia upya; kazi hiyo ndiyo autofajia. Sisi nasi tunazo protini za kazi hiyo. Beclin 1 huianzisha, LC3 husaidia kujenga kifuko cha kufungia uchafu, p62 huukamata na kuuingiza humo.

Lakini mfumo huo haumtumikii mvutaji siku zote. Kwenye seli yenye afya hukinga saratani, maana huondoa mitokondria mibovu, yaani vinu vya nishati vya seli, kabla haijadhuru DNA. Uvimbe wa saratani ukishajengeka, mambo hugeuka. Seli za saratani zilizo ndani kabisa hupata damu kidogo na chakula kidogo, nazo hujilisha kwa autofajia, kama kaya ya Kongwa inavyomalizia akiba ya ghalani mwaka wa ukame. Ndiyo maana watafiti wamejaribu kuizima kwa wagonjwa wa saratani kwa haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima tulipougua malaria. Haijawa tiba ya kawaida ya saratani, kwa hiyo mtu asikimbilie duka la dawa.

Halafu kuna moshi wenyewe. Una kemikali zaidi ya 70 zinazojulikana kusababisha saratani. Benzopirini, mojawapo, hujibandika kwenye DNA na kuharibu jeni ya TP53 inayoilinda seli. Jeni ikishabadilika hivyo, hakuna saa za kufunga zitakazoirudisha.

Wanaoniumiza zaidi ni wazee wa Bahi, Chamwino na Mpwapwa waliovuta tangu ujana. Mzee anakohoa miezi, anapimwa makohozi, kifua kikuu hakionekani, anarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Mvutaji wa namna hiyo, hasa akikonda au akitema damu, apigwe picha ya kifua na apewe rufaa mapema. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapa hapa mjini.

Na asiambiwe kwamba amechelewa kuacha. Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa aliyeacha akiwa na miaka 50 aliongeza takriban miaka 6 ya kuishi, na wa miaka 60 takriban 3. Ujumbe huo ndio wa kumsomea babu, kisha ukae naye karibu wiki zile za mwanzo, hamu ya nikotini inapombana.