Kosa la Kalamu Nyekundu Kwenye 2,147,483,647

Mpwa wangu wa darasa la tano, hapa Mwanga, Kigoma, kaja na daftari la hesabu huku uso umemshuka. Swali: andika namba tasa tano, yaani zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Kaandika 2, 3, 5, 7, halafu akapaa mpaka 2,147,483,647. Hiyo ya mwisho imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Namba kubwa hivi lazima igawanyike."

Lazima! Kwa sheria ipi?

Mchokozi wa kwanza ni mimi, nakiri. Sarafu za mchezo wake wa simu zilikwama kwenye namba hiyo, akaniuliza, "Mjomba, mbona hazipandi tena?" Nikamwambia hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, programu nyingi haziwezi kuhesabu kupita hapo, na tena ni tasa. Mtoto akaibeba mpaka darasani kwa maringo yote.

Sasa ukubwa na kugawanyika wapi na wapi? Nenda mwalo wa samaki wa Kibirizi, mwaga beseni zima la dagaa, upange mafungu yaliyo sawa. Lundo kuwa kubwa hakukuhakikishii kwamba hatabaki dagaa wa ziada. Inabidi uhesabu. Na kuhesabu kwenyewe kuna mwisho: unaishia kwenye kipeuo cha pili (namba ambayo ikijizidisha yenyewe hutoa hii yetu), maana kigawo kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo; hapa ni pungufu kidogo ya 46,341. Tena, kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 62, lazima kibaki 1. Kwa hiyo watuhumiwa ni 747 tu, na wengi wao, kama 63 na 125 ambao wenyewe si tasa, unawafukuza kwa kuwatazama. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kwamba ni tasa mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa. Sisi tunaoona tunaikata kwa wino.

Haya, nimpe mwalimu haki yake kidogo. Namba tasa huadimika kadiri unavyopanda, na macho hudanganya: 91 inaonekana safi, kumbe ni 7 mara 13. Hata mtawa Mersenne, mwaka 1644, aliiweka 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1 kwenye orodha ya tasa. Mwaka 1903 mwanahisabati Frank Nelson Cole akaonyesha ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Lakini Cole alileta vigawo, mwalimu! Viko wapi vyako?

(Ile tasa ya rekodi iliyopatikana 2024 ina tarakimu 41,024,320. Hiyo angeikata kwa kalamu ngapi?)

Jirani kaniuliza kama haya yatashusha bei ya mchele. Hayatashusha.

Tangu juzi jioni tunaigawa 2,147,483,647 kwa watuhumiwa wake mmoja mmoja, kwa kikokotoo, cha simu, wazee wangu, si kile cha mafao ya kustaafu. 311 imebakiza 35. 373 imebakiza 303. Mpwa anaandika kila baki kwenye ukurasa uleule, chini ya wino mwekundu. Jana umeme ulipokatika tulikuwa tumefika 2,543.