Hesabu kilomita kwanza, ndipo tuzungumze dizeli

Kila ikifika jioni ya tarehe 14, EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, simu yangu hujaa swali lile lile: nimepata HiAce ya kugeuza kempa, yaani gari la kulala safarini, nichukue ya dizeli? Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Ameona kwenye ubao wa kituo kwamba dizeli iko chini ya petroli kwa shilingi kadhaa, basi ameridhika. Hesabu hii ya ubao imeniudhi kwa muda mrefu, maana nimeona watu wakiichukulia mkopo wa sacco.

Kilichonichoma wiki hii ni yadi moja ya magari kwenye barabara ya Ngong. Nilimsindikiza mpwa wangu na mumewe. Wana watoto wawili, wanataka gari la kulala kwa ajili ya wikendi za Naivasha na Magadi, Pasaka Nanyuki, Desemba Diani. Muuzaji akawaambia kwamba wakichukua dizeli, gharama ya mafuta itashuka nusu. Nusu! Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, si hiyo italipa ile tofauti ya bei?" Ya dizeli ilikuwa ghali kuliko ya petroli kwa shilingi 450,000. Tulikaa pale karibu saa nzima, na muuzaji hakuwauliza hata mara moja wanaendesha kilomita ngapi kwa mwaka. Mtu anayekuuzia injini bila kukuuliza hilo hana haki ya kutamka neno "kuokoa".

Tupige hesabu basi. Naivasha kwenda na kurudi ni kama kilomita 180. Nanyuki ni 400. Diani inapita 1,000 kidogo. Familia ya mjini yenye kazi na shule, hata ikijitahidi kutoka kila mwezi, itazunguka kwenye 4,500. Tuikadirie juu, tuseme 6,000. HiAce ya petroli iliyobeba vitanda, tangi la maji na jiko, tuipe kilomita 8 kwa lita. Ya dizeli ya 3.0 tuipe 10. Petroli tuiweke 185 na dizeli 172, karibu na bei tulizozoea Nairobi mwishoni mwa 2025. Petroli inakula shilingi 23 kwa kilomita, dizeli 17. Umeokoa shilingi sita kwa kilomita, yaani 36,000 kwa mwaka. Gawanya 450,000 kwa 36,000. Unapata zaidi ya miaka kumi na miwili, na hapo riba ya mkopo haijaguswa. Mtoto wao wa kwanza atakuwa amemaliza sekondari.

Sikatai kwamba dizeli ni injini hodari. Inabana hewa kwa uwiano wa 16 au 18 kwa 1 pale ambapo petroli mara nyingi inaishia 10 au 11, na lita yake moja ina nguvu zaidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo hata bei zikilingana itakwenda mbali zaidi. Ukipanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, turbo inaendelea kuisukumia hewa wakati petroli isiyo na turbo inahema na kuomba gia ya pili. Hilo nimelihisi kwenye usukani na sitalibishia.

Tatizo langu ni nozo, vile vifaa vinavyopulizia mafuta ndani ya injini. Watu wa yadi hawazitaji, na wanunuzi hawazijui mpaka siku zinapokufa. Dizeli za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser, zilikuwa na pampu ya kawaida na uvumilivu mkubwa. Ungeweza kuzilisha mafuta ya dukani Marsabit na zikakohoa tu kidogo. Dizeli za kisasa zinazotoka Japani zinasukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,600, kupitia matundu usiyoweza kuyaona vizuri kwa macho. Dizeli hiyo hiyo ndiyo mafuta ya kulainishia pampu na nozo. Hakuna oili nyingine inayofika humo. Sasa changanya na mafuta ya taa, ambayo hayana ule utelezi, uone chuma kinavyosagana. Na kuchanganya huko si uvumi. Kulikithiri kiasi kwamba serikali mwaka 2018 iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi bei yake ikaribie ya dizeli na biashara ile ikose faida. Ulipaji uliangukia mama anayepikia stovu, lakini hayo yana siku yake. Tangu wakati huo pengo kati ya bei hizo mbili limefunguka tena, na pengo likifunguka kishawishi kinarudi.

Gari la shemeji yangu lilianza kutoa moshi mweupe asubuhi na kugonga kama lina kokoto ndani. Tulilipeleka kwa fundi wa nozo Industrial Area. Alichomoa vile vipira vyembamba vya marejeo, vinavyorudisha mafuta ambayo nozo haikuyapuliza, akaunganisha vichupa vinne vya plastiki vyenye mistari, kimoja kwa kila nozo, kisha akawasha injini. Vichupa vitatu vikapanda polepole, pamoja. Cha nne kikajaa mpaka mdomoni wenzake hawajafika hata robo. Fundi hakusema neno, alikielekeza kidole tu. Baadaye akazima, akafuta mikono, akamwambia shemeji: "Mkubwa, hii moja imekwisha, na hizi tatu zinaifuata. Ukibadilisha moja utarudi hapa." Bei ya nozo nne mpya ilipita kabisa pesa ambayo gari la petroli lingekunywa mwaka mzima kwa safari zile zile. Akiba ya miaka mitano iliondoka mchana mmoja. Gari la petroli likianza kukohoa, mara nyingi unashuka Kirinyaga Road, unanunua plagi na pengine koili moja, na jioni uko nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo kempa inalo na matatu haina: inakaa. Matatu ya dizeli inazunguka kutwa, mafuta hayapati nafasi ya kulala ndani ya tangi. Kempa ya familia inaweza kuegeshwa Februari ikaguswa Aprili. Tangi lililo nusu hukusanya unyevu kwenye kuta zake, maji yanatuama chini, na pale maji yanapokutana na dizeli huota utando mweusi unaoziba filta. Petroli nayo huchakaa ikikaa miezi, lakini haifugi uchafu wa namna hiyo wala haiui pampu yenye bei ya pikipiki. Halafu kuna DPF, kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi la dizeli za kisasa. Kichujio kile kinahitaji safari ndefu yenye mwendo ili kiunguze masizi yake. Kumpitisha mtoto shuleni Lavington na kusimama dakika arobaini Waiyaki Way ndiyo njia ya uhakika ya kukiziba. Wengi siku hizi wanalazimika kutumia kempa hiyo hiyo kwenda kazini, kwa sababu hawana pesa za magari mawili.

Ukihama kutoka HiAce ukaenda kwenye Prado yenye hema la juu, ushuru nao unakusubiri mlangoni: dizeli yenye injini inayozidi cc 2,500 inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, wakati petroli inatozwa kiwango hicho ikipita 3,000. Prado ya dizeli 2.8 inaangukia upande mbaya wa mstari, ya petroli 2.7 inabaki kwenye 25.

Hita ya dizeli ya kupasha gari joto mkilala kwenye baridi ya Aberdare ni kitu kizuri, nakubali, ila inaweza kuwa na katangi kake hata kwenye gari la petroli.

Upande mmoja tu dizeli inanishinda bila mjadala, nao ni jerikeni. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli inahitaji ipashwe kupita nyuzi 50. Kama safari zako ni za Loiyangalani na unalazimika kubeba lita 60 za akiba kwenye gari hilo hilo wanamolala watoto na jiko la gesi, chukua dizeli, na uchukue ile ya zamani yenye pampu ya kawaida kama unaweza kuipata. Anayebeba wageni kwa biashara na kukimbiza kilomita 30,000 kwa mwaka naye yuko sahihi: kwa shilingi zile zile sita anarudisha 450,000 ndani ya miaka miwili na nusu. Sina ugomvi naye. Nina ugomvi na wanaochukua hesabu yake na kumpa mwalimu wa Kasarani anayetaka kupeleka watoto ziwani mara moja kwa mwezi.

Na wewe ambaye tayari umenunua ya dizeli, usiuze kwa hasara kwa sababu ya maneno yangu. Jaza kwenye kituo chenye foleni ya malori, maana mafuta yao hayakai, na tunza risiti. Jaza tangi kabla ya kuegesha, si baada ya kutoka. Mwambie fundi akuonyeshe kifundo cha kumwagia maji chini ya filta na ukifungue mwenyewe kila unaporudi safari. Badilisha filta hiyo mapema kuliko kitabu kinavyosema, tena kwa filta halisi. Na mara moja kila wiki mbili, hata kama hamna pa kwenda, literemshe gari hadi Naivasha na ulirudishe kwa mwendo wa barabara kuu, injini ikiwa imepata moto kamili.