Mnahamisha mradi? Tiketi za zamani nazo zihame

Mradi wowote wa programu huria ukishakaa miaka mingi kuna siku mtu atasema jamani tuhame, hii seva imechoka na hii sistimu vijana hawaijui tena. Sawa, hapo sina neno. Halafu anatokea mwingine mwenye haraka zake anasema tuchukue msimbo wa leo tu tuuweke kwenye repo mpya (hifadhi ya msimbo), historia na tiketi za zamani, yaani ripoti za matatizo na mijadala yake, zibaki huko huko, nani atazisoma? Huyo wa pili ndiye nina ugomvi naye.

Msimbo peke yake unakuambia programu inafanya nini, kwa nini inafanya hivyo haukuambii. Unakuta mstari wa ajabu, mfano programu inasubiri sekunde mbili kabla ya kufungua faili, maelezo hakuna, unajiuliza nani kaweka huu upuuzi. Kama historia ipo unapiga git blame, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) inayoonyesha nani aligusa kila mstari, inakupeleka kwenye komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa na ujumbe wake, ya miaka kumi nyuma, komiti inataja tiketi, unafungua tiketi unakuta watu walibishana wiki nzima kuhusu diski za mtandao zilizokuwa zinaleta faili tupu ukizisoma haraka. Umeelewa, unauacha mstari ulipo. Kama historia haipo unaufuta, unajisifu umesafisha, toleo jipya likitoka malalamiko yanaanza kumiminika na mnaanza upya kutafuta jibu ambalo mlishalipata kitambo.

Najua kuna mtu ataniletea Linux, kwamba nao walihama bila historia. Ndiyo, Aprili 2005, baada ya ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu waliyotunzia historia ya msimbo, kuondolewa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika Git harakaharaka, na komiti ya kwanza ya Linux mle ndani ni toleo la 2.6.12-rc2, nyuma yake hakuna kitu. Lakini someni ujumbe wa komiti yenyewe. Alisema historia wanayo, ila ikiingizwa itafika kama gigabaiti 3.2 na itaisumbua bure Git ambayo bado ilikuwa changa, na kwamba wakitaka wataitengenezea hifadhi yake baadaye. Na kweli watu walikuja kuitengeneza, unaweza kuiunganisha na ya sasa ukitaka. Hata hivyo mpaka leo ukifuatilia mstari wa zamani kwenye Linux unagonga ukuta kwenye komiti hiyo hiyo ya Aprili 2005. Na hao ni Linux, wana watu wengi wa kurudi nyuma kuunganisha. Mradi wenye watu watatu wanaoukarabati usiku baada ya kazi ukisema tutafanya baadaye ujue imetoka hiyo.

Sasa kinachoniuma zaidi ni namba. Jumbe za komiti zimejaa vitu kama "inatatua #812", na watu wakihama wanaanza kuhesabu tiketi upya kutoka moja. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, wanahesabu tiketi na maombi ya kuunganisha msimbo kwa mfululizo mmoja, kwa hiyo #812 mpya inaweza kuwa mtu anarekebisha herufi iliyokosewa kwenye maelezo, na sistimu yenyewe inaigeuza ile #812 ya zamani kuwa linki bila kuulizwa. Linki iliyokufa afadhali, unaona imekufa unatafuta njia nyingine. Hii inafunguka vizuri kabisa halafu inakudanganya! Wa lugha ya programu ya Python walilishughulikia hili kwa akili, msimbo waliuhamishia GitHub mwaka 2017 lakini tiketi wakaziacha zilipo, wakizitaja kwa kutanguliza bpo (kifupi cha bugs.python.org, tovuti ya tiketi hizo) ili zisichanganyike na namba za GitHub, na zilipokuja kuhamishwa mwaka 2022 zikapewa namba mpya lakini ile sistimu ya zamani ikabaki ya kusoma tu, na tiketi ya zamani inakuonyesha mwenzake mpya yuko wapi.

Wanaotoka SVN, sistimu ya kabla ya Git, nao wana tabia moja, git svn, zana ya kuhamia Git, inaacha chini ya kila ujumbe wa komiti mstari unaotaja namba ya zamani ya komiti, na watu wanauzima huo mstari eti unachafua. Uacheni bana. Kuna ripoti kibao zinazosema tatizo lilianzia r20417, yaani komiti namba 20417 ya SVN, bila ule mstari utaijuaje? Majina pia, SVN inabeba jina la akaunti tu, kwa hiyo mtu akae aandike faili la kuoanisha akaunti na majina kamili, kazi inachosha lakini kuna watu waliochangia miaka yao pale na sasa hawapo.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba Git inajilinda yenyewe, kila aliyeklon (aliyenakili) repo nzima ana historia yote kwenye kompyuta yake, seva ikiungua leo msimbo unarudi kesho. Tiketi hazina bahati hiyo, zimekaa kwenye databesi moja ambayo pengine ni mtu mmoja tu ana nywila yake. Google Code, tovuti nyingine ya kuhifadhi miradi, ilitangaza kufungwa Machi 2015, Agosti ikawa ya kusoma tu, Januari 2016 ikafungwa. Bitbucket, tovuti kama hiyo, waliondoa Mercurial, sistimu inayofanana na Git, mwaka 2020. Software Heritage, hifadhi ya msimbo iliyozinduliwa na Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, mwaka 2016, wanaokoa msimbo na historia yake na wanastahili sifa zote, ila wao wanahifadhi msimbo, yale mabishano ya kwenye tiketi ni juu yenu wenyewe.

Kwa hiyo kabla hamjaanza kugombania rangi na nembo ya makazi mapya, toeni databesi yote ya tiketi muiweke sehemu tatu tofauti, fanyeni jaribio la kuhama, halafu mtu achague linki kadhaa za zamani ovyoovyo azibonyeze aone zinafika wapi. Mtaniambia seva ya zamani ina gharama. Si lazima iendelee kukimbiza ile programu nzito, geuzeni tiketi ziwe faili za HTML tupu zinazokaa kwenye seva yoyote ndogo, wekeni kanuni za kuelekeza linki za zamani kwenda mpya, na domeini ilipiwe kwa jina la mradi, isilipiwe na yule jamaa aliyeacha kujibu barua pepe.