Hayo masanduku ya alumini yatoe kwanza

Najua kuna watu watanuna lakini wacha niseme tu. Pikipiki nyingi za adivencha, yaani zile za safari za njia mbovu, ninazoziona hapa Mombasa zimefanyiwa modifikesheni kinyumenyume. Jumapili jioni pita Mama Ngina ama zile parking za Nyali, utazikuta zimepangwa, masanduku matatu ya alumini, krash gadi (vile vyuma vya kuikinga ikianguka) mbele mpaka nyuma, taa za spot kila pembe, halafu ukiinama ukaangalia tairi ni zile zile za lami zilizotoka nazo dukani. Sasa hiyo yaenda wapi? Yaenda Mtwapa kula mishikaki na kurudi.

Sina ubaya na mtu kupamba chake, pesa ni zake. Wanaoniuma roho ni hawa vijana wananunua pikipiki ya kwanza wanaiga ile picha, pesa zote zinaishia kwenye vyuma, na siku wakifika njia ya Kinango mchanga wa kwanza tu pikipiki iko chini na mwenyewe hawezi kuinyanyua.

Uzito ndio adui, yakhe. Chukua Himalayan ya Royal Enfield, ile ya cc 411, wengi wanayo na ni pikipiki nzuri mi siisemi vibaya, lakini hiyo na tangi lake la lita 15 likijaa ni karibu kilo 200 kabla hujaifunga hata kamba. Ongeza masanduku na fremu zake, ongeza krash gadi, ongeza wewe mwenyewe na pilau lako. Kabla hujanunua kitu kingine fanya hivi: ilaze chini ubavu kwenye nyasi, na kila kitu unachobebaga kikiwa juu yake, halafu inyanyue peke yako. Ukishindwa hapo Nyali na watu wamekusimamia, kule Bamba saa nane mchana jua la utosi utafanyaje?

Na msiniambie ati safari ngumu zataka injini kubwa. Yale mashindano ya jangwani ya Paris-Dakar, ya kwanza kabisa, yaliyoisha Januari 1979, Cyril Neveu alishinda na Yamaha XT500, silinda moja. Tangu 2011 huko huko Dakar pikipiki mwisho ni cc 450. Wale wanavuka majangwa na 450, sisi wa kwenda Kaloleni twataka BMW GS 1250 ya kilo 249! Na kama Dakar ni mbali muulize boda wa Ganze, anakupita na kipikipiki chake cha Boxer amepakia magunia ya makaa, ana ndara mguuni, anakupungia na mkono.

Kwa hivyo pesa ya kwanza ni tairi. Tairi za meno, wala usibishane na mtu. Pwani yetu ina mchanga, ina ule udongo mweusi wa bara ya Kwale ambao masika ikinyesha unajaza madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ina mawe ya matumbawe makali yanayochana tairi ubavuni. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi, kama lami watembea na psi 30 shuka karibu na 20 utaona usukani unatulia, lakini kwenye mawe usishuke hivyo maanake tubu inabanwa na rimu inatoboka matundu mawili kwa mpigo. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni bora mara kumi kuliko taa za spot. Beba na tubu ya inchi 21 ya gurudumu la mbele, maana mafundi wa boda huko ndani wana za 17 na 18 za pikipiki za boda, ya 21 hutaipata, na ukibanwa kabisa hiyo ya 21 unaweza kuikunja ukaitia nyuma ikufikishe barabarani.

Baada ya tairi ni shokapu. Springi za kiwandani hazijui wewe una kilo ngapi. Kaa juu ya pikipiki na mzigo wako, mtu apime imeshuka kiasi gani, ikishuka kama theluthi moja ya nafasi yake ya kucheza uko sawa, ikizidi hapo kaza springi kwanza, ni bure, na ikikataa ndio ununue nyingine. Sproketi ya mbele, ile ya meno inayovuta mnyororo, ukipunguza jino moja giya ya kwanza inatulia unatambaa kwenye mawe bila kuichoma klachi, na ni bei ya chakula cha mchana. Kinga za mikono, ndiyo. Sahani ya chini ya injini, ndiyo, na hiyo si lazima uagize ng'ambo, fundi wa welda wa Changamwe akupindie alumini nzito, mwambie tu aache tundu la kutoa oili.

Sasa kuna jambo ambalo video za Wazungu hazikwambii, nalo ni chumvi. Sisi twakaa ndani ya bahari. Hata usipoendesha ufuoni, upepo wa kusi peke yake watosha, halafu kuna feri ya Likoni, lile daraja la chuma la kupandia limelowa maji ya bahari na magurudumu yanakurushia yote chini ya injini. Nati za spoki zinaganda, viunganishi vya waya vinageuka kijani, siku moja pikipiki inakataa kuwaka na fundi anabadilisha betri wakati betri haina kosa. Na kuiosha ndio mtihani wenyewe, maana sehemu nyingi za kuoshea zatumia maji ya kisima, na visima vingi hapa mjini ni vya chumvi! Yaani walipa mtu akuongezee kutu. Mi hutafuta maji ya mfereji, ikibidi hata mtungi wa mkokoteni, nasuuza chini kote halafu grisi kwenye viunganishi. Na wale wa bolti za stenlesi ati hazishiki kutu, sawa, lakini stenlesi ndani ya alumini na hii chumvi vinashikana mpaka bolti itolewe kwa drili. Paka grisi kabla hujafunga.

Filta ya hewa pia, ukitoka vumbi jekundu la Taru ifungue utashangaa. Na kama ndoto yako ni kupiga picha ndani ya Tsavo sahau, pikipiki haziruhusiwi.

Tukirudi kwa masanduku, uzito si kosa lake pekee. Kwenye mchanga lazima utashusha mguu, na sanduku gumu likija nyuma ya mguu wako halina huruma. Mabegi laini yanapondeka, mfupa unabaki. Na kwani wabeba nini hasa? Kikoi, maji, tubu, spana, basi. Lile sanduku moja la nyuma la kutilia helmeti ukienda kazini sina neno nalo, ila Ijumaa jioni lifungue libaki nyumbani.