Nyumba ya Kirumi si nguzo

Mtu akitaka nyumba ya "mtindo wa Kirumi", fundi humsimamishia nguzo nne za zege barazani, kazi imekwisha. Naona tumebeba ganda tukaacha kiini. Anayetaka kujua Warumi walivyoielewa nyumba aiache kwanza Colosseum, ule uwanja mkubwa wa maonyesho mjini Roma, aende Pompeii, mji wa kale nchini Italia, kwenye nyumba ya akina Vettius. Majivu ya volkano ya Vesuvius yaliifukia mwaka 79 BK, ikafukuliwa miaka ya 1894 hadi 1896, na Januari 2023 ilifunguliwa tena kwa wageni baada ya ukarabati mrefu.

Ukivuka mlango unaingia ukumbini, na mwanga unakushukia kutoka juu. Paa limeinamia ndani pande zote, likaacha uwazi katikati. Chini yake, sakafuni, pana birika la kina kifupi. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka vigaeni, yakaangukia birikani. Katika nyumba za namna hii yalihifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu. Uwazi mmoja ulileta mwanga, hewa na maji. Kwangu huo ndio usanifu hasa.

Samani zilikuwa chache, kwa hiyo mapambo yaliachiwa kuta. Mafundi walipiga lipu ya chokaa tabaka juu ya tabaka, wakachora ingali mbichi ili rangi ikauke pamoja na ukuta. Katika chumba kimoja, vitoto vyenye mabawa vinafua dhahabu, vinatengeneza manukato, vinauza divai. Wenye nyumba, Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, inaaminika walikuwa watumwa walioachwa huru wakatajirika. Masanduku yao ya fedha waliyaweka ukumbini, kila mgeni ayaone. Wengine huwaita washamba kwa hilo. Mimi siwalaumu, mtu aliyewahi kuuzwa ana haki ya kuonyesha alichochuma.

Kinachoniuma ni jiko lao. Ni kichumba kilichosukumwa upande wa watumishi, na wachimbaji walikuta vyombo vya shaba bado viko juu ya meko. Watu waliouonja utumwa walimbana mtumwa wao pale, huku nyuma ya ukumbi wakitandaza bustani pana yenye nguzo, sanamu na michirizi ya maji. Nafasi ya kumtanulia mpishi ilikuwepo. Waliamua ibaki ya kutazamwa.